Mlima Uliotoweka Kwenye Karatasi ya Chokoleti

Mwaka uliopita baadhi yenu mlinung'unika ati gazeti letu limejaa ngeli na vitendawili tu, kana kwamba Kiswahili hakiwezi kuzungumzia mambo ya viwanda na pesa. Haya basi. Mwaka huu nimewaletea makala juu ya chokoleti. Lakini msianze kumeza mate mapema, kwani habari yenyewe ni ya biashara na ina uchungu wake ndani.

Ilianza hivi. Mjomba wangu ni dereva wa teksi na mara nyingi hubeba wageni kutoka uwanja wa ndege. Likizo iliyopita mgeni mmoja alimpa chokoleti aina ya Toblerone, ile ndefu yenye umbo la pembetatu. Mjomba hali vitu vitamu kwa sababu ya meno yake, kwa hivyo tukaigawana sisi watoto, kila mtu jino moja moja. (Vile vipande tuliviita meno, na mjomba hakufurahi.) Tulipomaliza, dada yangu akakimbia chumbani akaleta kamusi yake ya zamani. Ndani ya kamusi alikuwa ameweka karatasi ya chokoleti hiyo hiyo aliyopewa miaka kadhaa nyuma, akiitumia kuonyesha ukurasa aliofikia.

Tukaziweka karatasi zile mbili mezani, ya kale na ya sasa. Rangi ni moja, jina ni lile lile. Lakini kwenye ile ya kale palichorwa mlima mrefu uliochongoka, wenye kilele kilichopinda kidogo kama pembe ya kifaru. Huo ni mlima Matterhorn wa nchi ya Uswisi. Kwenye karatasi mpya mlima ule haupo! Pana mlima mwingine, mlima wa kuchorwa tu, usio na jina. Na tena, pale ambapo zamani paliandikwa kwamba chokoleti ni "ya Uswisi", sasa pameandikwa kwamba "ilianzishwa Uswisi". Mbona maneno yabadilike? Mlima umeenda wapi?

Swali hilo nilimpelekea mwalimu wetu wa somo la Biashara. Badala ya kunijibu, akaniambia niende nikatafute mwenyewe kisha niandike. Nilitafuta sana, nami sasa nawaeleza nilichokipata.

NCHI ISIYO NA MKAKAO HATA MMOJA

Chokoleti hutokana na mti uitwao mkakao. Mti huu hupenda joto na mvua, na humea tu katika nchi zilizo karibu na Ikweta. Matunda yake ni makubwa, nayo huota kwenye shina lenyewe kama mafenesi. Mkulima huyapasua, akatoa mbegu zilizofunikwa na utelezi mweupe, akazirundika na kuzifunika kwa majani ya migomba kwa muda wa siku tano au sita hivi ili zichachuke. Kisha huzianika juani. Bila kuchachuka huko, hakuna utamu wa chokoleti, hata ukaange namna gani.

Sasa, Uswisi ni nchi ya milima na theluji. Haina mkakao hata mmoja shambani. Isitoshe haina bahari wala bandari ya baharini, na mishahara yake ni miongoni mwa ile ya juu kabisa duniani. Ukimwuliza mtu aliyesoma Biashara kidogo kama mimi, atakwambia kwamba nchi kama hiyo haiwezi kuuza chokoleti ikamshinda yeyote. Hata hivyo, viwanda vyake hutengeneza karibu tani 200,000 kwa mwaka, na katika kila tani kumi, kama saba huuzwa nchi za nje. Wafanyakazi wa viwanda hivyo si wengi, takriban 4,500 tu. Waswisi wenyewe hula kama kilo kumi au kumi na moja kila mtu kwa mwaka. Piga hesabu, hicho ni kipande cha gramu mia moja kila siku ya tatu au ya nne, watoto wachanga na vikongwe wakihesabiwa.

Iliwezekanaje? Jibu la kwanza ni kwamba walivumbua. Mwaka 1819 bwana mmoja aitwaye François-Louis Cailler alifungua kiwanda karibu na mji wa Vevey, kando ya ziwa. Wakati huo chokoleti ilikuwa ngumu, chungu, na yenye changarawe mdomoni kama ugali uliosongwa na mtu asiyejua. Binti yake Cailler aliolewa na Daniel Peter, fundi wa kutengeneza mishumaa. Biashara ya mishumaa ilikuwa inafifia kwa sababu ya taa za mafuta, na yule kijana akaona ni heri aingie katika kazi ya wakweze. Akawa na wazo la kutia maziwa, maana maziwa ndiyo waliyokuwa nayo tele, ng'ombe wakichunga milimani.

Lakini jamani, si rahisi! Maziwa ni maji mengi, na maji na siagi ya kakao ni maadui. Chokoleti yake iliharibika na kuota ukungu. Alihangaika miaka. Jirani yake alikuwa Henri Nestlé, aliyekuwa akitengeneza chakula cha watoto wachanga kwa kutumia maziwa yaliyopunguzwa maji. Basi kwa njia hiyo ya kuyapunguza maji ndipo Peter akafaulu, na mwaka 1875 ndio unaotajwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa chokoleti ya maziwa.

Miaka minne baadaye, yaani 1879, Rodolphe Lindt wa mji wa Bern akabuni mashine ya kukoroga chokoleti kwa muda mrefu mno, saa nyingi bila kukoma, mpaka ikawa laini na kuyeyuka yenyewe ulimini. Watu husimulia kwamba aliisahau mashine ikizunguka kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Mimi nadhani hicho ni kisa cha kuchekesha wageni tu, lakini mashine yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1899 Lindt aliuza siri yake na kiwanda chake kwa familia ya Sprüngli ya Zürich kwa faranga milioni moja na nusu za dhahabu.

Shika mwaka huo wa 1879, ndugu msomaji, maana nitaurudia.

CHEMA CHAJIUZA?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, katika soko la dunia chema nacho hutembezwa, tena kwa nguvu. Siri ya mashine ikishajulikana, kila mtu huinunua. Leo mashine ya Lindt imo katika kila kiwanda cha chokoleti ulimwenguni. Uvumbuzi ulitangulia, lakini peke yake haungewaweka Waswisi sokoni miaka yote hii. Kilichowaweka ni jina.

Jina hulindwa kwa sheria kama shamba linavyowekewa ua. Tangu tarehe 1 Januari 2017, mtu hawezi kubandika msalaba wa Uswisi au picha ya mlima wao kwenye chakula hivi hivi tu. Sheria inadai angalau asilimia 80 ya uzito wa malighafi iwe imetoka Uswisi, na maziwa yawe ya Uswisi asilimia 100. Tena kazi yenyewe ya kukipa chakula sura yake ifanyiwe humo humo nchini. Utauliza, je, kakao? Hapo ndipo penye ujanja. Vitu visivyoweza kukuzwa Uswisi, kama kakao, haviingizwi katika hesabu. Kwa hivyo kile kitu kinachoifanya chokoleti iitwe chokoleti hakihesabiki, ila maziwa na sukari. Mimi niliposoma hilo nilicheka peke yangu katika maktaba hadi msimamizi akanitazama kwa jicho kali. Lakini ukifikiri vizuri, sheria ile ina mantiki yake. Inamfunga mwenye kiwanda kwa mfugaji wa ng'ombe. Ukitaka jina la nchi, nunua maziwa ya nchi.

Hata umbo na rangi hupiganiwa mahakamani. Kampuni ya Lindt na Sprüngli hutengeneza sungura wa chokoleti aliyevikwa karatasi ya dhahabu wakati wa Pasaka. Duka kubwa la Lidl likawa linauza sungura wake wa kufanana na huyo. Kesi ikaenda mpaka mahakama kuu ya Uswisi, na mwaka 2022 ikaamuliwa kwamba Lidl waache kumwuza sungura wao, na waliobaki waharibiwe. Hebu fikiria, mahakama kuu nzima inakaa kitako kuamua habari ya sungura! Lakini wenye kampuni walijua wanachokilinda. Mtoto hasomi jina la kampuni. Yeye huona dhahabu na masikio, basi.

NAIROBI YAINGIA KATIKA HADITHI

Maziwa ya Uswisi ni ghali, tena ghali sana kuliko ya jirani zao, kwa kuwa serikali huwalinda wafugaji wake kwa ushuru ili wasimalizwe na maziwa ya bei rahisi kutoka nje. Jambo jema kwa mfugaji, baya kwa mwenye kiwanda. Ikiwa Mjerumani ananunua maziwa ya unga kwa bei ndogo na Mswisi kwa bei kubwa, watashindanaje katika duka moja la London?

Serikali ikaja na dawa mwaka 1974. Iliweka sheria ambayo wananchi waliipa jina la utani, "sheria ya chokoleti". Kwa sheria hiyo, mwenye kiwanda aliyeuza nje alirudishiwa tofauti ya bei ya maziwa na unga wa ngano. Hiyo ndiyo ruzuku. Kufikia mwaka 2018 fedha hizo zilikuwa karibu faranga milioni 95 kwa mwaka, zikigawiwa watengenezaji wa chokoleti, biskuti na vyakula vingine.

Wakulima wa nchi maskini nao walikuwa wakilalamika miaka mingi. Walisema, na walisema kweli, kwamba bidhaa za vyakula za nchi tajiri zinauzwa rahisi si kwa sababu ya ubora, bali kwa sababu serikali zimekwisha kulipa sehemu ya bei. Basi mwezi wa Desemba 2015 Shirika la Biashara Duniani lilifanya mkutano wa mawaziri hapa kwetu Nairobi, katika jumba la KICC. Ulikuwa mkutano wao wa kwanza wa namna hiyo kufanyika barani Afrika, na mwenyekiti wake alikuwa Bi. Amina Mohamed, aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje. Hapo ndipo nchi zilipokubaliana kukomesha ruzuku za kuuza mazao ya kilimo nje. Zile za vyakula vilivyotengenezwa viwandani zilipewa muda hadi mwisho wa mwaka 2020.

Uswisi haikungoja hadi dakika ya mwisho. Tarehe 1 Januari 2019 sheria ya chokoleti ilikufa. Je, viwanda vikafungwa? La. Serikali ilizichukua fedha zile zile, ikawapa wafugaji na wakulima wa ngano moja kwa moja kwa kila kilo ya maziwa na ya nafaka, hata kama chakula hakikuuzwa nje. Nao wafugaji na wenye viwanda wakapanga wenyewe jinsi ya kusaidiana kutoka mfukoni mwao. Tena ikarahisishwa njia ya kiwanda kuingiza maziwa ya nje bila ushuru, mradi bidhaa itakayotengenezwa itauzwa nje. Lakini anayefuata njia hiyo hupoteza haki ya kubandika msalaba. Kila mtu achague: bei au jina.

Hapa ndipo mlima wetu ulipoanza kutikisika.

MLIMA WAHAMA

Toblerone ilibuniwa mjini Bern mwaka 1908 na Theodor Tobler pamoja na binamu yake. Baada ya miaka mingi na wenyeji wengi, sasa ni mali ya kampuni ya Kimarekani iitwayo Mondelez. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba sehemu ya kazi itapelekwa Bratislava, nchini Slovakia, ambako mishahara ni ya chini. Kiwanda cha Bern hakikufungwa. Lakini chokoleti ikishatengenezwa Slovakia, sheria ya 2017 inasema wazi: Matterhorn haukuhusu. Mwaka 2023 kilele kile kikaondolewa. Jibu la swali langu ndilo hilo. Mlima haukupotea, ulinyang'anywa.

Je, walipata faida au hasara? Wapo wasemao kwamba mlaji hajali mlima, ilimradi utamu upo. Sina hakika nao. Wenye Toblerone wenyewe walikwisha kuonja ghadhabu ya walaji mwaka 2016 huko Uingereza, walipopanua nafasi kati ya meno ili kupunguza chokoleti. Kipande cha gramu 170 kikawa cha gramu 150 bila sanduku kubadilika urefu. Waingereza walipiga kelele magazetini kana kwamba wameibiwa ng'ombe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Na msidhani mambo haya ni ya wazungu peke yao. Mwaka 2014 kampuni hiyo hiyo ya Mondelez ilisimamisha utengenezaji katika kiwanda cha Cadbury kilichokuwa eneo la viwanda hapa Nairobi, bidhaa zikawa zinaletwa kutoka nje. Watu wakapoteza kazi. Huko Bern walipunguziwa mlima na sehemu ya kazi, hapa kwetu mashine zilizimwa kabisa. Tofauti ni nini? Kwa maoni yangu, jina la Uswisi lilikuwa na thamani hata katika hesabu ya mwenye kampuni, kwa hivyo ilimbidi aache kiwanda pale. Hapa Nairobi hakukuwa na jina la kumfunga. Hakuna mlaji mahali popote aliyekuwa akiuliza kama chokoleti yake imetengenezwa Kenya.

Wapo adui wengine wa kiwanda ambao hata sheria ya jina haiwezi kuwazuia. Wa kwanza ni pesa yenyewe. Watu wa dunia wakiogopa vita au misukosuko hukimbilia kununua faranga ya Uswisi, nayo hupanda. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu yao iliacha kuizuia isipande dhidi ya yuro, na kwa siku moja tu bidhaa zote za Uswisi zikawa ghali ghafla. Mwenye kiwanda alilala akiwa mshindani, akaamka akiwa ghali. Wa pili ni ushuru. Mwezi wa Agosti 2025 Marekani ilizitoza bidhaa za Uswisi ushuru wa asilimia 39, na ikabidi mazungumzo yafanywe hadi Novemba ndipo zikaafikiana kuushusha hadi asilimia 15. Kampuni kubwa kama Lindt haikuumia sana, kwa kuwa ina kiwanda chake ndani ya Marekani, jimboni New Hampshire. Aliyeumia ni yule mdogo mwenye kiwanda kimoja tu mlimani, ambaye kila kipande lazima kivuke bahari.

Tena kuna mitindo. Kampuni moja ndogo ya Dubai ilibuni chokoleti yenye kunafa na pistachio ndani, vijana wakaionyesha katika simu zao, na kufikia 2024 dunia nzima ilikuwa inaitafuta. Hata Lindt wenye mashine ya 1879 walilazimika kutengeneza ya kwao mwishoni mwa mwaka huo. Mwanafunzi mzee akajifunza kwa mtoto.

KWENYE MITI HAKUNA WAJENZI

Sasa turudi mwaka ule wa 1879. Mwaka Lindt alipobuni mashine yake, ndio mwaka unaotajwa kwamba fundi mhunzi wa Kiafrika aitwaye Tetteh Quarshie alianzisha shamba la mikakao huko Mampong, katika nchi ambayo leo tunaiita Ghana. Mbegu alizitoa kisiwa cha Fernando Po. Kutokana na shamba lile dogo, nchi yake ikawa ya kwanza duniani kwa kakao kufikia mwaka 1911. Leo inayoongoza ni Kodivaa, na Ghana imekuwa ikiifuata kwa miaka mingi. Hizo mbili zimezoea kutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia. Na Waswisi hununua mbegu nyingi zaidi kutoka wapi? Kutoka Ghana.

Haya, mbona Ghana isiwe Uswisi? Kakao wanayo, mishahara ni midogo, bandari ya Tema ipo. Si kwamba hawakujaribu. Kiwanda cha serikali kipo Tema tangu miaka ya 1960, nacho hutengeneza chokoleti iitwayo Golden Tree. Tangu 2005 tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, imekuwa pia siku ya chokoleti nchini humo, ili wananchi wajifunze kula chao. Na hilo ni jambo la maana kuliko linavyoonekana, maana mmeona jinsi Waswisi wanavyokula kilo kumi. Kiwanda ambacho watu wake hawali bidhaa yake hutegemea wageni tu, na mgeni akinuna kinasimama.

Shida ya kwanza ni joto. Chokoleti huyeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu, yaani mchana wa kawaida wa Accra, au wa Mombasa. Kiwanda, lori, ghala na duka, vyote vyahitaji baridi, na baridi ni umeme, na umeme ni pesa. Mswisi hufungua dirisha. Shida ya pili ni maziwa na sukari: Ghana huagiza nje, kwa dola. Ya tatu ni kwamba kiwanda cha Tema nacho hununua mbegu kwa bei ya dunia, hakipewi bure kwa sababu ni ndugu. Na ya nne ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Kwa miaka mingi, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, bodi ya kakao ya Ghana ilikuwa ikikopa pesa kwenye benki za nje kila msimu ili iwalipe wakulima, na rehani ilikuwa kakao yenyewe. Mbegu zilikuwa zimekwisha kuahidiwa mnunuzi wa nje kabla hazijachumwa. Kiwanda cha nyumbani kinasubiri nyuma ya mlango.

Zamani pia kulikuwa na ukuta wa ushuru. Nchi tajiri ziliruhusu mbegu kuingia bure lakini zikatoza chokoleti iliyokwisha kutengenezwa. Ghana ilipata mkataba na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika 2016, na bidhaa zake huingia bila ushuru. Ukuta ukaanguka, lakini chokoleti ya Ghana haikufurika Ulaya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushuru ni kizuizi kimoja tu. Jina ni kizuizi kikubwa zaidi, na jina halijengwi kwa mkataba.

Lakini Mswisi naye asilale usingizi. Mwaka 2019 Ghana na Kodivaa ziliungana zikadai nyongeza ya dola 400 kwa kila tani ya kakao, iende kwa mkulima, kuanzia msimu wa 2020/21. Kisha mvua zikaharibika, miti ikawa mizee, na ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi ya mkakao ukaenea. Katika Ghana mashamba mengine yalichimbwa na watafuta dhahabu. Nchi iliyovuna zaidi ya tani milioni moja msimu wa 2020/21 ilivuna kama nusu yake tu msimu wa 2023/24. Bei ya tani, iliyokuwa kama dola 2,500 miaka michache tu nyuma, ilivuka dola 12,000 mjini New York mwezi wa Desemba 2024, kabla ya kuporomoka tena mwaka uliofuata. Wenye viwanda walipandisha bei, wakapunguza vipande, wengine wakaanza kutafuta mafuta mengine badala ya siagi ya kakao.

Mkulima mzee hapandi upya kwa sababu hana akiba. Hana akiba kwa sababu bei ilikuwa duni miaka yote ile. Watoto wake wanaenda mjini, au wanafanya kazi shambani badala ya kwenda shule. Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria watoto milioni 1.56 wakifanya kazi za kakao zisizowafaa katika Ghana na Kodivaa. Kwa hiyo bei duni ambayo iliwasaidia wenye viwanda kushindana ndiyo iliyokausha shamba wanalolitegemea. Uswisi inaweza kutunga sheria ya maziwa, ikalinda sungura na mlima. Mkakao haimo katika hesabu yao, kama tulivyoona, lakini bila mkakao mashine ya Lindt itakoroga maziwa na sukari tu. Ndiyo maana tangu 2018 kampuni zao, serikali na mashirika yao wameunda umoja wa kushughulikia hali ya wakulima. Wengine husema wanafanya hivyo kwa huruma. Mwalimu wangu asema ni hesabu. Mimi naona si vibaya hesabu na huruma zikiingia mlango mmoja, mradi mkulima aone pesa mkononi.

Nasi majirani je? Kakao hukuzwa Kyela, kusini mwa Tanzania, na Bundibugyo, magharibi mwa Uganda. Si nyingi, lakini ipo. Sisi Wakenya tunayo maziwa, tena mengi. Chai yetu iliyo nyingi huuzwa kwa magunia pale mnada wa Mombasa, ikaenda kuchanganywa na kupewa majina ya watu wengine. Kwa hivyo kisa cha Ghana tunakifahamu hata kabla hatujakisoma.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba zile karatasi mbili, akavaa miwani yake. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa pameandikwa wapi kakao ilitoka nchi gani?" Tuliitafuta pande zote, ya kale na ya sasa, dada akaleta hata kioo cha kukuzia maandishi. Tuliona maziwa, sukari, asali, lozi, na kakao. Nchi ya kakao hatukuiona. Karatasi zote mbili nimezikabidhi kwa katibu wa chama, ziko kabatini katika maktaba. Atakaye na azitazame, ila asizitoe nje.

Mwanachama wa Kidato cha Tatu